Mbari za Owerri: Hofu Iliyofinyangwa

Mtu wa Afrika ya Mashariki alisikiapo neno mbari, hasa kama amepata kukaa Nyeri au Murang'a, hudhani kwamba linazungumzwa jambo la ukoo. Kwa Wagikuyu mbari ni jamaa waliotoka katika kiuno cha babu mmoja, pamoja na ardhi waliyoirithi kwake. Mbari ninayokusudia kuieleza katika kurasa hizi si hiyo. Ni ya Waigbo wa Owerri, kusini-mashariki ya Nigeria, katika nchi ya mto Imo na mto Otamiri. Ni nyumba iliyojazwa sanamu za udongo usiochomwa, iliyojengwa kwa taabu ya miezi mingi, ikafunguliwa watu waitazame, kisha ikaachiwa mvua. Maneno hayo mawili hayana nasaba moja. Yamefanana kwa sauti tu. Walakini kila moja limekanyaga juu ya ardhi, na kwa sababu hiyo sikuona vibaya kuanza na kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya nilipoliona neno hili mara ya kwanza.

Wageni walioziandika nyumba hizi zamani waliziweka katika mlango wa dini. Talbot, ofisa wa Kiingereza aliyekaa Nigeria miaka mingi na kuandika sana, alizieleza mwaka 1927 katika kitabu chake juu ya ibada za uzazi. Sikatai kwamba mbari ilikuwa ibada. Mwenye kuijenga aliijenga kwa amri ya mungu, na mungu huyo aghalabu alikuwa Ala, ambaye jina lake ndilo jina la ardhi yenyewe. Lakini mtu akisoma maelezo ya sanamu moja moja, akatazama picha zilizopigwa na G. I. Jones katika miaka ya 1930 na zile zilizopigwa na Herbert Cole mwaka 1966 na 1967, ataona kwamba ndani ya ibada hiyo mlikuwa na kazi nyingine. Watu wa Owerri walikuwa wakikusanya kila kilichowatisha katika zama mpya, wakakipa kichwa na mikono, wakakivika nguo, wakakionyesha mahali pa kukaa. Kazi hiyo ndiyo inayonishughulisha hapa.

Mbari haikuanza kwa mtu kutamani uzuri. Ilianza kwa msiba. Mvua ilikataa, au mazao yaliharibika, au watoto walikufa kwa mfululizo. Pengine chatu aliingia nyumbani kwa mtu, au nyuki walikaa pasipo mahali pao. Watu walikwenda kwa mpiga ramli, naye aliwaambia kwamba Ala anataka nyumba. Jibu hilo halikupokelewa kwa furaha, maana gharama yake ilikuwa kubwa: viazi vikuu, kuku, mbuzi, malipo ya mafundi, na nguvu ya vijana ambao wangeliweza kuwa mashambani. Kijiji kiliweza kuomba muda, na kuchelewesha mwaka, na mwaka wa pili, mpaka msiba mwingine uje kuwakumbusha deni. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kusoma kwamba Mwafrika wa zamani alitenda mambo ya mila kwa kucheza na kuimba bila kuhesabu. Wazee wa Owerri walihesabu sana.

Siku ilipofika, kila upande wa kijiji ulitoa watu wake, wanaume na wanawake, wakatengwa ndani ya ugo mrefu. Humo walikaa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, chini ya mafundi waliojua kazi. Waliokuwa nje hawakuruhusiwa kuchungulia. Udongo ulichimbwa usiku kutoka katika vichuguu, nao haukuitwa udongo. Uliitwa kiazi kikuu, na kuutwanga kulisemwa kama kutwanga chakula. Mjenzi yeyote wa nyumba za kukandika hapa kwetu atafahamu kwa nini walichagua kichuguu. Udongo wake umekwisha tafunwa na mchwa, ni laini, hauna kokoto, nao ukikauka hushikana kama jiwe. Lakini haikuwa hekima ya ujenzi peke yake. Udongo ule ulikuwa mwili wa Ala mwenyewe, kwa hiyo sanamu zake zilitolewa katika nyama yake.

Mafundi walisimamisha kiunzi cha fito, wakakifunga, ndipo wakakivisha udongo kidogo kidogo, wakapiga, wakalainisha, wakaacha ukauke, wakaongeza. Miili ilitokea mirefu, shingo ndefu zenye mapindi, macho yaliyokodoa. Kisha zikaja rangi: nyeupe ya udongo mweupe, nyeusi ya makaa, nyekundu na manjano zilizochimbwa ardhini. Fauka ya hizo ikatiwa buluu, ile buluu ya kufulia nguo nyeupe iliyouzwa madukani. Mimi hurudia mara nyingi katika mawazo yangu jambo hili la buluu. Kabla hata mgeni hajafinyangwa, alikwisha ingia ndani ya ugo katika karatasi ndogo ya duka, naye akapakwa juu ya miungu.

Nyumba yenyewe ilikuwa na chumba kikuu cha mraba katikati, kimezungukwa na baraza pande zote, na paa juu. Mbele alikaa Ala, mkubwa kuliko wote, mtoto pajani na upanga mkononi. Yeye ndiye mama, na yeye ndiye hakimu wa waliovunja miiko. Karibu naye aliweza kukaa Amadioha, mungu wa radi, ambaye katika baadhi ya nyumba za karne ya 20 alivikwa mavazi ya bwana mkubwa wa siku zile. Na pande nyingine? Hapo ndipo mtazamaji alipopoteza hesabu, kwa kuwa nyumba kubwa ilikuwa na sanamu makumi kwa makumi, na zilizozidi zilipita mia. Mlikuwa na chui na chatu, wacheza ngoma, mama anayejifungua mbele za watu, mnyama wa porini mwenye kutisha ambaye mfano wake haupo duniani, na watu wanaotenda yale yasiyotajwa mbele ya wakwe. Yaliyo mwiko kutendwa hayakuwa mwiko kufinyangwa. Na kati ya hao wote, alikuwapo Mzungu.

Alifinyangwa kwa namna nyingi. Yumo Bwana Shauri, kama tungalivyomwita Tanganyika, amevaa helmeti ya jua, ana kiko mdomoni. Yumo aliyebebwa katika machela na wapagazi. Yumo aliyepanda baiskeli. Lakini sanamu ambayo hainitoki ni ile ambayo Waigbo waliita Mzungu wa ndani ya ardhi. Imetoka katika shimo. Kiwiliwili kiko juu, miguu haionekani, na mtu anajitokeza chini ya nyayo za watu kama panya buku. Tafsiri nyingi zaweza kutolewa. Mimi naona kwamba fundi alisema kwa mikono jambo ambalo wazee wake walikuwa wakilisema kwa mdomo: hatukuona njia aliyojia huyu. Mtu wa kabila jingine huja kwa njia ya mguu, na mbwa hubweka kabla hajafika. Huyu tulimwona amekwisha fika, tena katikati ya kiwanja. Na bado kuna ukali zaidi ndani ya sanamu hiyo. Ikiwa ametoka ardhini, basi ametoka kwa Ala. Ni nani basi aliyemfungulia?

Hofu hii haikuwa ya kubuni. Waingereza waliivunja nguvu ya Waaro kwa vita vya mwaka 1901 na 1902, na tangu hapo nchi ya Owerri ikawekewa boma na kazi ya kulazimishwa. Mwezi wa Novemba 1905 daktari mmoja wa jeshi, Stewart, alikuwa safarini peke yake kwa baiskeli, akapotea njia, akaangukia mikononi mwa watu wa Ahiara, nao wakamwua. Yasimuliwa kwamba walidhani ni Bwana Shauri wa Owerri, ambaye ukali wake ulijulikana. Jeshi lilitumwa, na vijiji vilivyokuwa jirani vililipa kwa moto na damu. Wasomaji wa Kiswahili wanayajua mambo haya bila kujua kwamba wanayajua. Katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo Clement Ndulute aliifasiri kwa jina la Shujaa Okonkwo na ikachapishwa mwaka 1973, mna habari ya Mzungu aliyefika Abame juu ya farasi wa chuma, akauawa, na farasi wake akafungwa katika mti mtakatifu asije akakimbia kuwaita wenzake. Mwanafunzi asomapo mahali hapo hucheka. Baadaye hufunua ukurasa, akakuta mji mzima umekwisha.

Yule mwendesha baiskeli wa udongo asimame basi mbele ya macho yetu pamoja na historia hiyo. Watu wa nchi ile ile ambayo baiskeli moja iliwaletea jeshi, walitwanga udongo wa kichuguu, wakamfinyanga mtu na baiskeli yake, magurudumu mawili yaliyo mviringo sawasawa, wakampaka rangi, wakampa baraza katika nyumba ya mungu wao. Kwa nini?

Jibu rahisi ni kwamba walimdhihaki. Jibu hili linapendwa na sisi tuliosoma baada ya uhuru, kwa sababu linatufanyia babu zetu kuwa wapinzani waliojificha. Jibu jingine, lililopendwa na wakoloni wenyewe, ni kwamba walimstaajabia wakamwabudu. Yote mawili siyaamini. Dhihaka imo, bila shaka, maana mbari ilikuwa na mahali pa kuchekesha na watu walikwenda ili wacheke pia. Lakini mtu hatumii mwaka mzima na mbuzi wa kijiji kwa ajili ya mzaha. Na kuabudiwa hakukuwapo kabisa, kwani hakuna aliyemtolea Mzungu wa shimoni sadaka. Achebe, ambaye ni mtoto wa Waigbo na aliyerudi kwenye mbari mara nyingi katika insha zake, ameeleza kwamba sherehe ya mbari haikuwa na maana ya sifa. Kilichoingizwa ndani ni kila kitu chenye nguvu ambacho jamii imekutana nacho, kiwe chema, kiwe kiovu. Kukiacha nje ndiyo hatari. Kilichoachwa nje hakijulikani kitafanya nini.

Hapa naomba ruhusa ya kurudi pwani, kwa kuwa neno la Achebe sikulielewa mpaka nilipolipima kwa jambo la nyumbani. Mimi nimezaliwa ukoloni umekwisha ondoka, lakini bibi yangu alitukataza kutembea magharibi kwa ajili ya mumiani. Mumiani, kama ajuavyo kila aliyelelewa na bibi, huwakamata watu gizani akawanyonya damu, na damu hiyo ikafanywa dawa. Hofu hiyo ilitapakaa miji ya Afrika ya Mashariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, pamoja na magari mekundu ya zimamoto, hata neno wazimamoto likawa kwa watu wengi jina la wanyonya damu. Siku moja nilimwuliza bibi, mumiani ana sura gani? Alikaa kimya kidogo, akasema, "Ana gari." Nilipomsukuma aeleze zaidi, alinifukuza nikachote maji.

Ana gari! Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka 30. Hofu ya bibi ilikuwa ya kweli, na chanzo chake kilikuwa cha kweli, kwa maana zama zile ziliwanyonya watu, ijapokuwa si kwa sindano. Lakini haikupata umbo. Ilipita kutoka sikio hadi sikio, kila mwaka ikaongezwa kidogo, na kwa kuwa haikuwa na uso haikuweza kutazamwa. Hakuna aliyewahi kumzunguka mumiani akamwona mgongo. Mtoto wa Owerri aliyeletwa mbari siku ya kufunguliwa alimzunguka Bwana Shauri mara tatu. Aliona kwamba ana masikio mawili. Aliona kwamba pale begani udongo umepata ufa.

Sisemi kwamba Waigbo kwa sababu hiyo hawakuogopa, wala kwamba udongo uliwaponya. Mwishoni mwa mwaka 1929 habari zilienea katika majimbo ya Owerri na Calabar kwamba wanawake watatozwa kodi kama walivyotozwa waume wao. Wanawake kwa maelfu waliinuka, wakawazingira machifu waliowekwa na serikali, wakavunja mahakama, na askari wakapiga risasi. Waliouawa walizidi 50. Katika mwendo ule uvumi na ukweli vilikimbia bega kwa bega, kama kwetu. Mbari haikuzuia jambo lolote. Mimi nataka kuitetea isitwishwe kazi ambayo haikuahidi. Ilichofanya ni kuwapa watu mahali pa kutazama kwa pamoja, mchana, wakiwa wameshiba.

Mtu ataniuliza, je, kwetu udongo haukutumika kwa kazi kama hiyo? Ulitumika, lakini kwa siri. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi katika serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu juu ya sanamu za jando na unyago: vitu vidogo vya udongo, vingi havikuchomwa, vimepakwa rangi, na kila kimoja kina wimbo wake na fundisho lake. Mwari alionyeshwa, akaimbiwa, akaambiwa maana. Baada ya hapo sanamu zilifichwa au kuvunjwa. Hofu zilizomo ni zile za mwanadamu wa siku zote: uzinzi, uvivu, ugonjwa, mume asiyetunza, mke asiyesikia. Zile sanamu zilikuwa shule, nazo shule hiyo ilikuwa na mlango. Mbari vilevile ilifichwa wakati wa kufanywa, lakini ilipokamilika ugo ulibomolewa, na kila mwenye miguu akaingia.

Siku hiyo ya kuubomoa ugo ilikuwa na karamu, ngoma na wageni kutoka vijiji vya mbali. Waliotengwa walirudi makwao. Na hapa panakuja desturi ambayo huwakasirisha wanafunzi wangu kila mwaka. Aliyefinyanga hakuruhusiwa kusema, hii niliifanya mimi. Na baada ya sherehe nyumba haikutengenezwa tena. Paa likivuja, livuje. Mkono wa Amadioha ukianguka, uachwe ulipoangukia. Kuitengeneza mbari kulikuwa mwiko. Miaka michache mvua ilimaliza kazi yake, nyasi zikapanda juu ya magoti ya Ala, mchwa wakaja kuchukua udongo wao, na mahali pale pakawa kifusi. Msiba mwingine ukija, nyumba nyingine ilijengwa, wala si palepale.

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja aliniambia, "huo ni ubadhirifu. Wangalizitunza, leo tungalikuwa na makumbusho." Alisema kwa uchungu, nami nilimheshimu kwa uchungu wake, kwa kuwa mwenye kupenda vitu vya watu wake huumia vikipotea. Nilimjibu vibaya siku ile. Nilimtajia wadudu na hali ya hewa. Jibu nililopaswa kumpa ni lile ambalo Achebe amelitoa kwa namna yake: kwa Waigbo kufinyanga ndiko kulikuwa na thamani, na kilichofinyangwa kikitunzwa sana, kizazi kinachofuata hukosa sababu ya kutia mikono katika udongo. Nami ningaliongeza jambo moja. Hofu ikihifadhiwa hukaa. Bwana Shauri wa mwaka 1930 hakustahili kumtisha mtoto wa mwaka 1960. Mtoto huyo alikuwa na vitisho vyake, navyo vilitaka udongo mbichi. Walakini sikumshawishi, na huenda hata leo hakubali.

Jina la mbari lilikuja kutoka ndani ya vichuguu likaingia katika vilabu vya wasomi. Mwaka 1961 waandishi na wachoraji walianzisha mjini Ibadan klabu iliyoitwa Mbari. Miongoni mwao alikuwamo Ulli Beier, na Wole Soyinka, na Christopher Okigbo, na Achebe, ambaye ndiye aliyeleta jina. Mwaka uliofuata Duro Ladipo alifungua ya kwake Osogbo, nako Wayoruba wakaligeuza jina kwa lugha yao likawa Mbari Mbayo, yaani tukiona tutafurahi. Na mwezi wa Juni 1962 klabu ile ya Ibadan ilishirikiana na idara moja ya Makerere kuwakutanisha waandishi wa Afrika mjini Kampala. Hivi ndivyo mbari ilivyofika kwetu.

Mkutano ule umeandikwa sana, nami sina haja ya kuurudia wote. Ngũgĩ, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo, alihudhuria kwa sababu ya hadithi fupi mbili tu alizokwisha chapisha, naye alimpa Achebe mswada wake ausome. Kichwa cha mkutano kilisema wazi kwamba walioitwa ni waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. Kwa hiyo Shaaban Robert, aliyekuwa akiishi Tanga, na ambaye kazi zake zilikuwa zikisomwa tangu Lamu hadi Kongo, hakuwa na kiti. Mwezi huo huo wa Juni 1962 Shaaban Robert alifariki. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye naye ametutoka mwezi wa Mei 2025, alilitaja jambo hilo baadaye kwa majuto, akauliza ilikuwaje mwanafunzi aitwe na mzee yule asiitwe.

Mimi mwalimu wa Kiswahili siwezi kulipita jambo hilo kwa utulivu, wala sitaki kujifanya naweza. Hebu tulipime kwa kipimo cha jina walilojitwalia. Katika nyumba ya udongo ya Owerri aliingizwa ndui akitisha, aliingizwa mnyama asiye na jina, aliingizwa adui na helmeti yake. Katika mbari ya Kampala hakuingizwa mshairi wa Tanga, jirani, kwa sababu ya lugha yake. Tena kuna jambo la pili, ambalo lingalimfanya fundi mzee wa mbari atabasamu. Fedha zilizousaidia mkutano zilitoka katika Kongamano la Uhuru wa Utamaduni, na miaka michache baadaye ilifichuka kwamba kongamano hilo lilikuwa likilishwa na shirika la ujasusi la Marekani. Waandishi wengi hawakujua. Mzungu wa ndani ya ardhi alikuwapo ukumbini, chini ya sakafu, na safari hiyo hakukuwa na aliyemfinyanga.

Silisemi hili ili kuwavunjia heshima waliokutana pale. Okigbo alikuwamo, na miaka mitano baadaye, 1967, aliuawa vitani karibu na Nsukka akiipigania Biafra. Vita vile, vilivyoanza Julai 1967 na kwisha Januari 1970, viliikanyaga nchi ya Owerri kwa ndege na kwa njaa. Herbert Cole alikuwa ameondoka muda mfupi kabla. Kitabu chake juu ya mbari kilitoka mwaka 1982, na picha zilizomo ni za nyumba ambazo, kwa sehemu kubwa, hapana mtu atakayeziona tena. Mbari zilikuwa zimekwisha pungua kabla ya hapo, kwa kuwa vijana waliobatizwa hawakutaka kutengwa kwa ajili ya Ala, wala wenye mishahara hawakuweza kuacha kazi mwaka mzima. Vita vikamaliza.

Hata hivyo baada ya vita zilijengwa chache, na baadhi yake kwa saruji. Mjini Owerri kwenyewe, makao ya jimbo la Imo lililoundwa mwaka 1976, kiliwekwa kituo cha utamaduni chenye jina la Mbari, na sanamu zake zilikusudiwa kudumu. Nimeziona katika picha, ni nzuri. Zimepakwa rangi za dukani, zinatengenezwa zikipata ufa, na watoto wa shule hupelekwa kuzitazama. Mwanafunzi wangu yule akizijua atafurahi sana. Mimi nikizitazama hujikuta nikitafuta, pembeni, kama kuna mtu wa leo katika baraza: kijana mwenye simu anayengoja viza, au mama mwenye dawa za bandia mkononi, au afisa anayehesabu noti chini ya meza. Udongo wa vichuguu vya kuwafinyanga ungalipo, na mchwa hawajaacha kazi.